Mteja asipolipa, kamisheni yangu ndiyo inayokatwa

BARUA

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Manispaa ya Mtwara Mikindani, na kazi inayonipa riziki ni kuuza bidhaa kwa kitabu. Kampuni iliyoko Dar es Salaam huchapa kitabu chenye picha na bei za sufuria, mashuka, mafuta ya kupaka, manukato na vitu vingine vya nyumbani. Mimi hupita nacho majumbani, kwenye saluni na katika ofisi za watu, nikaandika oda, nikaufuata mzigo stendi ya Mkanaledi unaposhushwa kwenye basi, nikampelekea mteja alipo, kisha nikakusanya fedha na kuzituma kwa simu. Mshahara sina, ninalipwa kamisheni.

Nilipoanza nilisainishwa karatasi inayosema kwamba mimi ni wakala wa kujitegemea na kwamba kampuni si mwajiri wangu. Nakala yake sikupewa. Pamoja na hayo, kila Jumatatu saa mbili asubuhi ni lazima tufike kwa msimamizi tukiwa tumevaa fulana za kampuni, tusaini daftari na tupangiwe mitaa ya wiki hiyo, na anayechelewa hutozwa shilingi 2,000. Tangu hapo ni kutembea hadi Jumamosi jioni. Haturuhusiwi kubeba bidhaa za mtu mwingine. Mwenzetu mmoja alikutwa na vitenge vyake ndani ya mkoba akanyang'anywa kitabu palepale. Nauli za bodaboda, vocha za simu na kitabu kipya kinapotoka vyote ni juu yetu.

Lengo ni kuuza bidhaa za shilingi 600,000 kwa mwezi. Ukilifikia unapata asilimia 20, usipolifikia unapata asilimia 12. Msimu wa korosho huwa ninalifikia bila shida, lakini ukishapita, mauzo hushuka. Mwezi uliopita niliuza za 450,000, kamisheni ikawa 54,000, wakakata 43,000 kwa ajili ya madeni ya wateja, nikatumiwa 11,000. Nauli na vocha za mwezi huo zilikuwa zimenila kama 35,000.

Madeni yenyewe ndiyo yanayoninyima usingizi. Kanuni ya kampuni inasema mteja alipe nusu anapotoa oda na nusu anapopokea, lakini ukiikazania kanuni hiyo hapa kwetu hutauza. Walimu na wauguzi hulipa mwisho wa mwezi. Akina mama wa Nanyamba na Tandahimba huchukua kwa ahadi ya korosho, na msimamizi mwenyewe hutuambia, "Kopesheni tu, msimu unakuja." Msimu ukija, wengine hulipa na wengine husema fedha za mnada zimeingia kwenye akaunti ya mume na yeye ameona kidogo tu. Wawili wamenitaka nichukue korosho zao kwa bei ya kangomba, yaani ya chini na nje ya mnada, ili deni liishe, nikaogopa. Tena kuna deni la mwaka 2024, mwezi Mei, barabara ilipokatika Somanga baada ya kimbunga Hidaya. Mzigo wangu ulichelewa sana, wateja wakaukataa, nikaurudisha Dar es Salaam, lakini kampuni iliandika kwamba shilingi 90,000 za mzigo huo ni deni langu kwa sababu maboksi yalifika yamelowa. Ukijumlisha yote ninadaiwa shilingi 380,000.

Sasa nimeambiwa nitapandishwa kuwa kiongozi wa timu. Natakiwa kutafuta wanawake wanane. Kila mmoja atalipa shilingi 40,000 za kuanzia, ambazo ni kitabu na sampuli, nami nitapewa 10,000 kwa kila atakayejiunga, pamoja na asilimia 4 ya mauzo yao. Sharti ni kwamba nisaini fomu ya kuwadhamini, maana yake wakishindwa kurejesha fedha za kampuni, ninalipa mimi. Wenzangu wa kikoba wameshaanza kuniuliza nafasi hizo zitatoka lini.

Yote haya ningeyapima kwa akili yangu kama msimamizi wetu asingekuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Ndiye aliyeniingiza katika kazi hii wakati mume wangu alipokosa kazi, na watoto wangu walikula kwa sababu yake. Dada mmoja tunayeuza naye ananishauri niende ofisi ya kazi. Mume wangu anasema kama nimechoka niache, lakini dada yake nisimpeleke kokote. Nikiacha, deni litanifuata nyumbani, na litafuatwa na wifi mwenyewe. Nikikubali cheo, labda nitapumua, labda nitazama zaidi. Je, nikubali, niache, au nidai haki yangu, na nikiidai nitaishi vipi na ukoo niliooleka?

Mama wa Wawili, Mtwara

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa jua la mitaa hiyo yote. Swali uliloliweka mwisho wa barua ni la cheo, lakini sehemu kubwa ya barua yenyewe inazungumzia deni, na kila unapofika kwenye deni unakutana na wifi yako. Nitajaribu kuvitenganisha, kwa sababu naona vimeshikana kiasi kwamba ukigusa kimoja unahisi umevigusa vyote.

Niruhusu kwanza niirudie hesabu ya mwezi uliopita, ambayo umeitaja kwa haraka kisha ukapita. Ulipokea shilingi 11,000 na ulikuwa umetumia kama 35,000, maana yake kwa mwezi mzima wa kutembea wewe ndiye uliyeilipa kampuni kama shilingi 24,000 ili uiuzie bidhaa. Hata kama wasingekukata chochote, ungebaki na 19,000. Sisemi hivyo ili nikuvunje moyo, kwa kuwa najua miezi ya msimu ni tofauti. Nasema kwa sababu katika barua yako umelitazama deni kama ndilo tatizo, wakati hesabu inaonyesha kwamba hata bila deni miezi isiyo ya msimu haikulipi. Ungefanya vyema kuandika mapato na matumizi ya mwaka mzima, msimu na usio msimu, kabla ya kuamua lolote, ili ujue unachokitetea ni kipato kweli au ni matumaini ya Oktoba.

Baada ya hapo, tuliangalie neno ulilosainishwa, wakala wa kujitegemea. Umeliandika kana kwamba limefunga mjadala, na hapo ndipo ninapotaka tusimame. Mtu anayejitegemea hupanga saa zake, huchagua mitaa yake, hubeba vitenge vyake pamoja na sufuria za mwingine kama apendavyo, na akichelewa kuamka anayekosa mauzo ni yeye, hatozwi faini na mtu. Wewe unasaini daftari, unavaa fulana, unapangiwa mitaa na unakatazwa bidhaa nyingine. Lakini hasara inapotokea, iwe ni mteja aliyekimbia au boksi lililolowa, ghafla unaambiwa wewe ni mfanyabiashara na hasara ni yako. Amri unazipokea kama mwajiriwa na hasara unaibeba kama tajiri, ilhali faida za pande zote mbili hujaziona.

Sheria ya nchi yetu imelifikiria jambo hili. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, inasema kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo, bila kujali mkataba umeandikwa kwa namna gani, endapo hata dalili moja kati ya zilizotajwa ipo. Miongoni mwa dalili hizo ni kwamba namna yake ya kufanya kazi au saa zake ziko chini ya maelekezo ya mwingine, kwamba amekuwa akimfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kwamba anamtegemea kiuchumi, au kwamba anamfanyia kazi mtu mmoja tu. Jisomee mwenyewe uone ni ngapi zinazokugusa. Hata hivyo usilichukue hili kama ushindi uliokwisha kupatikana, kwa sababu maneno "hadi ithibitishwe vinginevyo" yana uzito wake, na kampuni ina nafasi ya kuleta ushahidi kwamba ulikuwa huru kuliko unavyoeleza. Ndiyo maana daftari la Jumatatu, ujumbe wa kupangiwa mitaa na zile faini za 2,000 ni vitu vya kuvihifadhi, kwa picha au kwa nakala, hata kama hutakwenda popote.

Mtindo huu wa kazi, kwa taarifa yako, haukuanzia Dar es Salaam wala si wa jana. Mwaka 1886 huko New York, David McConnell, aliyekuwa akiuza vitabu mlango kwa mlango, aliona wateja wake wanapenda manukato aliyowagawia kama zawadi kuliko vitabu vyenyewe, akaanzisha kampuni ambayo baadaye iliitwa Avon, na wauzaji wake wakawa wanawake waliopita kwa majirani zao na kulipwa kwa asilimia. Wako wengi duniani waliosomesha watoto kwa kazi hiyo, na wako wengi waliobaki na maboksi uvunguni. Ninachokiona mimi ni kwamba tofauti mara nyingi haikuwa bidii ya mwanamke, ilikuwa ni masharti ya nani anabeba hasara.

Hapo ndipo tunapofika kwenye shilingi 380,000. Wewe umeziandika kama deni moja, lakini kwa jinsi ulivyoeleza si moja. Kuna wateja uliowakopesha kwa hiari yako kwa kuwa uliwaamini. Kuna waliokopeshwa kwa sababu msimamizi alisema "kopesheni tu", kinyume cha kanuni ya kampuni yenyewe. Halafu kuna zile 90,000 za Somanga, ambazo kwa kweli sioni wewe uliingiaje, kwa kuwa hukuikata barabara wala hukulipakia boksi kwenye basi. Ikiwa utachukuliwa kuwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inataka makato ya hasara yawe na ridhaa yako ya maandishi, hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, uwe umepewa nafasi ya kujieleza, na jumla ya makato isizidi robo ya ujira wako wa fedha. Robo ya 54,000 ni 13,500. Wewe ulikatwa 43,000. Na kama kampuni itashikilia kwamba wewe ni wakala tu, bado kuna swali la kuuliza: bidhaa ilipokuwa mkononi mwako ilikuwa mali ya nani, na mteja asiyelipa anadaiwa na nani, wewe au kampuni? Jibu limo katika karatasi uliyosaini na hukupewa nakala. Iombe, kwa maandishi, kwa upole, kama mtu anayeweka kumbukumbu zake sawa.

Kwa wale wateja wa Nanyamba na Tandahimba, nadhani umewahukumu kidogo kwa pamoja. Mwanamke anapochukua shuka kwa ahadi ya korosho, anaahidi fedha ambazo mara nyingi hazitapita mkononi mwake, kwa sababu malipo ya mnada huingia kwenye akaunti ya aliyepeleka korosho chama cha msingi kwa jina lake, na katika nyumba nyingi jina hilo ni la mume. Hasemi uongo anapokuambia ameona kidogo. Kabla hujakopesha tena, muulize fedha ambazo ni zake mwenyewe hupatikana wapi na lini: mgao wa kikoba, mihogo, ufuta, maandazi ya asubuhi. Deni la shilingi 30,000 linalolipwa 5,000 kila kikoba kinapokutana huenda likakusumbua kidogo kuliko ahadi nzuri ya Novemba. Waliokwisha kuchukua nao unaweza kuwarudia kwa mpango wa namna hiyo, mkiandikiana. Suala la kangomba uliogopa na ulikuwa na sababu. Korosho ghafi husimamiwa na sheria, huuzwa kupitia vyama vya msingi na stakabadhi ghalani, na anayekutwa nazo nje ya utaratibu huo hujitia matatani, mbali na kwamba mama yule angekuwa anakupa kwa bei ya hasara kitu ambacho mumewe anakihesabu.

Nije kwenye cheo. Wanawake wanane, tuseme kila mmoja auze za shilingi 300,000, ni jumla ya 2,400,000, na asilimia 4 yake ni 96,000 kwa mwezi. Ukilinganisha na 11,000 naelewa kwa nini unasema labda utapumua. Lakini wewe mwenyewe, mzoefu na mwaminifu, umefikia deni la 380,000. Mmoja tu kati ya wanane akifikia 200,000 akashindwa, atakuwa amekula asilimia yako ya zaidi ya miezi miwili, na wewe ndiye utakayesimama mlangoni kwake kudai. Nao si watu baki, ni wanakikoba wenzako. Umejiuliza kama wanajua unavyoishi sasa hivi? Je, unapowaeleza kazi hii unawaambia kuhusu 11,000, au unawaambia kuhusu msimu?

Jambo lingine katika ofa hiyo linanifanya nisite, nalo ni zile 10,000 kwa kila anayejiunga. Sheria ya Kanuni za Adhabu inakataza mipango ya upatu ambamo fedha za wanaoingia ndizo zinazowalipa waliotangulia, na Watanzania wengi bado wanaikumbuka DECI, ambayo Serikali iliisimamisha mwaka 2009 wakati watu walikuwa wamekwisha kuweka akiba zao. Sisemi kwamba kampuni yenu ni ya aina hiyo. Sufuria zipo, wateja wapo, na kitabu chenye sampuli kina gharama yake. Ninachokuomba ni kuuliza swali dogo: kama hakuna mwanamke mwingine atakayejiunga baada ya hao wanane, je, kazi ya kiongozi bado inalipa? Kama jibu ni ndiyo, hiyo ni biashara yenye masharti magumu ambayo mnaweza kuyajadili, na la kwanza kujadiliwa ni udhamini: kwa nini uwe na dhamana ya deni lote, usiwe na kikomo, au usiwe na haki ya kumkatalia mtu kukopeshwa? Kama jibu ni hapana, cheo hicho kina ukomo ambao utaufikia wewe kabla ya kampuni.

Ukifikiria kuondoka, fahamu kwamba kuacha hakufuti deni, ila pia hakuligeuzi kuwa kosa la jinai kwa sababu tu wateja hawajalipa. Ondoka ukiwa na maandishi: orodha ya wateja, kiasi cha kila mmoja, bidhaa ulizorudisha, na saini ya aliyepokea. Wanawake wengi wa Mtwara na Lindi waliowahi kubeba kitabu huendelea na wateja walewale kwa bidhaa wanazochukua mali kauli kwa wauzaji wa jumla, na wengine hujiunga katika vikundi ili kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 yake hutengwa kwa wanawake. Nafasi hiyo ina foleni yake na marejesho yake, wala haitafika wiki hii. Nataja hili hasa kwa sababu nahofia usije ukakimbilia mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, ili umalize deni la kampuni; hapo utakuwa umebadilisha mdai anayekukata kamisheni kwa mdai atakayekuja kuchukua televisheni.

Ukifikiria kudai, mlango ni ofisi ya kazi kwa ushauri, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa mgogoro wenyewe. Muda una maana huko: mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine, kama ya makato, ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Makato ya mwezi uliopita bado yako ndani ya muda, ila ya 2024 yana safari ngumu zaidi kwa sababu utalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza kwa nini ulichelewa. Watu huogopa neno Tume wakidhani ni mahakama yenye kizimba, lakini hatua ya kwanza ni usuluhishi, pande mbili mezani na msuluhishi kati, na mengi huishia hapo. Hatari yake nayo usiifiche: siku watakapopata wito, huenda wakaacha kukupa oda, na utakuwa na siku kadhaa au miezi kadhaa bila hata hiyo 11,000. Ndiyo maana wengine huenda kwa pamoja. Wewe na yule dada mnayeuza naye, na wengine waliotozwa 2,000, mkiandika barua moja ya kuomba masharti yaandikwe upya, si rahisi mmoja wenu kunyang'anywa kitabu kama yule wa vitenge.

Sasa wifi. Umeandika kana kwamba kudai haki kwa kampuni ni kumpeleka yeye, na mume wako amelielewa hivyohivyo. Namwelewa. Kwetu kusini mjomba ana uzito wake, na watoto wa dada yake wanamtazama yeye. Ukimwambia achague kati ya mkewe na mama wa wapwa zake, atakachofanya ni kunyamaza, na ukimya wake utausoma kama usaliti. Lakini mgogoro huu mdaiwa wake ni kampuni iliyoko Dar es Salaam. Wifi yako hakuchapa kitabu, hakupanga asilimia 12, na hizo 43,000 sidhani kama zilibaki kwake.

Kuna jambo katika barua yako ambalo pengine hukuliona ulipokuwa ukiliandika. Umesema kiongozi husaini fomu ya kuwadhamini anaowaingiza. Wewe uliingizwa na nani? Kama sharti hilo lilikuwepo wakati ule, yawezekana wifi yako ana saini yake chini ya deni lako, na ya wenzako wote, na kwamba sauti inayosema "kopesheni tu" ni ya mtu ambaye naye ana lengo la mwezi juu ya kichwa chake. Yawezekana pia si hivyo, na anafaidika vizuri na anajua anachofanya. Mimi nikiwa mbali siwezi kujua, na nadhani hata wewe hujui, kwa sababu mnakutana Jumatatu mbele ya daftari, yeye akiwa msimamizi na wewe ukiwa muuzaji, halafu mnakutana kwenye shughuli za ukoo ambako mambo ya kazi hayasemwi.

Mtafute siku isiyo ya Jumatatu, nyumbani kwake, mkiwa wawili. Hapo huendi kumshitaki wala kumlaumu, na shukrani yako kwa ule wakati wa shida iseme kwanza, maana ni ya kweli. Kisha umwombe akuonyeshe fomu yake mwenyewe ya udhamini. Mume wako anaweza kukubali kukufungulia mlango wa mazungumzo hayo kwa urahisi zaidi kuliko kukubali wito wa Tume, na ukimweleza hesabu ile ya 24,000, ambayo huenda hajawahi kuisikia kwa sauti, ataelewa kwamba neno lako la kuchoka lilikuwa dogo kuliko jambo lenyewe. Mazungumzo hayo hayakuzuii kwenda ofisi ya kazi baadaye, ila siku 60 zinaendelea kuhesabiwa wakati mnaongea, kwa hiyo weka tarehe ya makato ya mwezi uliopita mahali unapoiona. Na kama watakuletea fomu ya kiongozi kabla hujaongea na wifi, una haki ya kusema unaichukua nyumbani kuisoma.